Somo la sanaa chuoni: Hofu ya alama yawanyima wanafunzi maarifa

MWANAFUNZI wa uhandisi anayetaka kujifunza kuchora, au mwenzake wa udaktari anayetamani kufinyanga udongo, hukabiliwa na hesabu ngumu kabla hata hajashika penseli. Somo hilo halimo katika fani yake. Baadhi ya atakaoketi nao darasani wamekuwa wakichora tangu utotoni. Isitoshe, alama atakayopata huenda ikaingia katika wastani utakaoamua daraja la shahada yake. Wengi huipiga hesabu hiyo kwa haraka, wakahitimisha kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili, na somo lenyewe wakaliacha.

Uamuzi huo unaeleweka. Hata hivyo, mara nyingi hutokana na hofu iliyoupita ukweli. Namna alama zinavyojumlishwa huonyesha kwamba somo moja la sanaa kwa wanaoanza linaweza kumdhuru mwanafunzi mmoja vibaya na lisimguse kabisa mwenzake mwenye alama zinazokaribiana na zake. Tofauti baina yao hutokana na mahali wastani wao uliposimama, mwaka waliomo, na kanuni za chuo chao. Kipawa cha kuchora huchangia kwa kiasi kidogo tu.

Suala hili si la starehe ya vijana wachache. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala unaozingatia umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na mambo yakienda yalivyopangwa watabisha hodi vyuoni 2029. Miongoni mwa mikondo mitatu waliyochagua umo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Swali linaloibuka ni iwapo vyuo vitakavyowapokea vina nafasi kwa kijana mwenye nia ya kusomea takwimu huku akiendelea kuchora, bila ya kuadhibiwa kwa nia hiyo.

Chanzo cha hofu

Ili kuelewa hofu iliyopo, sharti kutazama njia aliyopitia mwanafunzi wa Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa 1985, uliahidi elimu ya vitendo. Watoto walisuka vikapu, wakafinyanga na kuchora, na kazi hizo zikatahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo ya mtihani wa KCPE yalipopunguzwa ili kuwapunguzia watoto mzigo, Sanaa na Muziki yakaondolewa katika orodha ya yanayotahiniwa. Yalibaki kwenye ratiba, lakini somo lisilo na mtihani halina mtetezi. Katika shule nyingi, kipindi cha Sanaa kiligeuka kuwa cha kumalizia silabasi ya Hisabati.

Katika shule za upili, Sanaa na Ubunifu limekuwa somo la hiari lenye watahiniwa wachache. Shule nyingi hazina mwalimu wake, na vifaa vya kazi ya vitendo ni ghali. Matokeo ni kwamba kijana wa miaka 19 anayejiunga na chuo kikuu huenda alichora kwa mara ya mwisho akiwa darasa la tatu. Ni mwanagenzi kamili, na analijua hilo.

Akifika chuoni, hukuta mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza, ambao humwingiza katika fani moja tangu siku ya kwanza. Masomo ya nje ya fani huwa machache na aghalabu ni ya lazima kwa wote, kama vile stadi za mawasiliano. Katika vyuo vingi vya umma, alama ya 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, na 40 hadi 49 ni D. Chini ya hapo mwanafunzi ameanguka. Wastani wa alama hizo ndio huamua daraja la shahada: la kwanza, la pili ngazi ya juu, la pili ngazi ya chini, au kufaulu tu.

Madaraja haya yana uzito. Anayetaka shahada ya uzamili kwa kawaida huhitaji daraja la pili ngazi ya juu. Aliyepata ngazi ya chini mara nyingi hutakiwa kuonyesha tajriba ya kazi ya miaka kadhaa kabla ya kukubaliwa. Wafadhili wa masomo ya juu hutazama daraja kwanza, nao waajiri hulitumia kama chekecheo wanapopokea maombi kwa mamia. Katika mazingira hayo, mzazi anayemwambia mwanawe aachane na michoro hasemi kwa chuki. Anahesabu karo aliyolipa.

Hesabu yenyewe

Je, somo moja linaweza kuleta madhara ya kiasi gani? Chukua mfano wa mwanafunzi aliyefanya masomo 40 na kupata wastani wa 66. Jumla ya alama zake ni 2,640. Akiongeza somo la kuchora na kupata 45, jumla inakuwa 2,685 kwa masomo 41, yaani wastani wa 65.5. Amepoteza nusu alama. Daraja lake, ambalo ni la pili ngazi ya juu, halijatikisika.

Mwenzake ana wastani wa 70 kamili katika masomo 40 yale yale. Jumla yake ni 2,800. Akipata 45 katika somo hilo hilo la kuchora, wastani wake unashuka hadi 69.4. Amepoteza alama chache tu zaidi ya mwenzake, sehemu ya kumi ya alama moja, lakini yeye ameanguka kutoka daraja la kwanza hadi la pili. Na kama angepata 70 au zaidi katika mchoro wake, asingepoteza chochote.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wanafunzi wengi hawaitambui. Mfumo wa madaraja ni kama ngazi ya nyumba. Aliye katikati ya kidato anaweza kusogea huku na huku bila ya kuumia, ilhali aliye ukingoni huteleza kwa hatua ndogo. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeuliza kama somo la sanaa litamharibia alama anapaswa kwanza kuuliza yu umbali gani kutoka ukingoni.

Nchini Marekani, ambako hakuna madaraja ya aina hiyo na wastani huhesabiwa kwa kipimo cha hadi 4.0, maarufu kama GPA, hesabu huwa nyingine. Mwanafunzi mwenye wastani wa 3.70 baada ya vipimo 90 vya masomo akichukua somo la kuchora la vipimo vitatu na kupata B, yaani 3.0, wastani wake utakuwa 3.68. Hata akipata C, atabaki na 3.65.

Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye wastani huo huo wa 3.70 baada ya vipimo 15 pekee, akipata C katika somo hilo, atashuka hadi 3.42. Tone lile lile la maji hulowesha kikombe na lisionekane kwenye pipa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne ana nafasi ya kukosea ambayo mgeni wa chuo hana, isipokuwa mgeni huyo awe katika chuo kinachomlinda kwa kanuni maalumu.

Saa, wala si alama pekee

Kuna hasara nyingine ambayo wanafunzi hawaihesabu kwa sababu haionekani kwenye karatasi ya matokeo ya somo la sanaa. Nayo ni saa.

Somo la mihadhara la vipimo vitatu huko Marekani kwa kawaida huwa na saa tatu za darasani kwa wiki. Somo la vitendo katika karakana ya sanaa, lenye vipimo hivyo hivyo vitatu, mara nyingi huhitaji saa zipatazo sita. Mchoro wa tunda mezani haufupishwi kama insha. Mwanafunzi huchora mistari, akapima uwiano, akafuta, akaanza upya, kisha akashughulikia mwanga na kivuli. Juu ya hayo kuna daftari la michoro linalotakiwa kujazwa kila wiki na mkusanyiko wa kazi unaowasilishwa mwishoni mwa muhula.

Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kupata A katika kuchora na bado somo hilo likamshushia wastani, kwa kuwa limekula saa za Kemia. Aghalabu lawama huangukia sanaa, ilhali kosa lilikuwa la kulichukua somo hilo katika muhula mmoja na masomo mawili yenye maabara. Anayepanga vyema huliweka katika muhula mwepesi.

Gharama ya vifaa pia ni sehemu ya hesabu. Mkaa wa kuchorea, penseli laini, vifutio na karatasi kubwa si ghali mno. Rangi za mafuta, turubai na brashi ni habari nyingine. Anayeanza hana sababu ya kukimbilia rangi kabla ya kuchora, na kwa bahati nzuri masomo mengi ya utangulizi huanza na penseli na mkaa.

Namna sanaa inavyosahihishwa

Hofu nyingine hutokana na imani kwamba mhadhiri wa sanaa hutoa alama kulingana na uzuri wa mchoro, na kwamba uzuri huo ni kipawa cha kuzaliwa. Katika masomo ya utangulizi, mambo huwa tofauti. Mhadhiri hutazama kama mwanafunzi amehudhuria, amekamilisha kazi zote, ameshiriki katika vikao vya kuhakiki kazi kwa pamoja, na amepiga hatua kutoka mchoro wa kwanza hadi wa mwisho. Kuchora vitu vilivyomo mbele ya macho ni ustadi unaofunzwa kama kupiga chapa. Mwanafunzi hufunzwa kutazama nafasi tupu kati ya vitu, kulinganisha urefu kwa penseli iliyonyooshwa, na kuona umbo kabla ya jina lake.

Hata hivyo, si kila mhadhiri husahihisha kwa njia hiyo, na ndiyo maana kuuliza mapema ni jambo la busara. Utafiti wa mwanasaikolojia Teresa Amabile, uliochapishwa 1979, unatoa funzo muhimu. Aliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kazi ya kutengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Wale walioambiwa kwamba kazi yao ingetathminiwa walionyesha ubunifu mdogo kuliko wale ambao hawakutarajia tathmini yoyote. Palikuwa na kundi moja lililokwenda kinyume na hayo: wale walioelezwa bayana ni mambo gani hasa yangefanya kazi yao ihesabiwe kuwa ya kibunifu.

Matokeo hayo yana pande mbili. Upande mmoja yanathibitisha kwamba alama huibana akili ya msanii. Upande wa pili yanaonyesha kwamba vigezo vilivyo wazi humsaidia mwanafunzi kufanya kile kinachotakiwa. Anayechukua somo la sanaa kwa alama ana haki ya kujua vigezo hivyo wiki ya kwanza, angali na muda wa kubadilisha nia.

Dawa iliyobuniwa Marekani

Vyuo vya Marekani vilianza kulitafutia suala hili suluhu zaidi ya nusu karne iliyopita. Mnamo 1969, Chuo Kikuu cha Brown, kilichoko katika jimbo la Rhode Island, kilipitisha mtaala mpya baada ya kampeni iliyoongozwa na wanafunzi, wakiwemo Ira Magaziner na Elliot Maxwell. Mtaala huo uliondoa orodha ya masomo ya lazima kwa wote na kumruhusu mwanafunzi kuchagua somo bila ya gredi za herufi. Akifanya vyema huandikiwa kwamba ametosheleza. Asipofaulu, somo hilo halionekani kabisa katika hati ya matokeo inayotumwa nje ya chuo.

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ambayo sifa yake ni uhandisi na sayansi, nayo ilianza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nafuu ya kufaulu au kutofaulu tu mwishoni mwa miaka ya 1960. Taasisi hiyo hiyo humtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza achukue masomo manane ya fasihi, sanaa na sayansi za jamii, na sanaa haiwezi kurukwa. Mhandisi wa MIT hahitimu kabla ya kupita katika mlango huo.

Vyuo vingine vingi vina kanuni za aina hiyo, japo kwa masharti. Kwa kawaida mwanafunzi huruhusiwa masomo machache tu ya kufaulu au kutofaulu katika miaka yake yote. Somo hilo haliwezi kuwa la fani yake kuu. Tena, hutakiwa kutangaza uamuzi wake kabla ya tarehe fulani ya muhula. Anayepitwa na tarehe hiyo hubaki na gredi atakayopata.

Njia ya tatu ni kuhudhuria kama msikilizaji. Mwanafunzi huketi darasani, akajifunza, lakini hapati alama wala vipimo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Steve Jobs, mwasisi wa kampuni ya Apple. Alipoacha masomo rasmi katika Chuo cha Reed mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliendelea kuhudhuria darasa la hati za mkono. Akiwahutubia mahafali wa Chuo Kikuu cha Stanford mnamo 2005, alisema maarifa hayo ndiyo yaliyozaa herufi maridadi za kompyuta ya Macintosh miaka kumi baadaye. Mfano huo hauna budi kutumiwa kwa tahadhari, kwani walioacha chuo wakatajirika ni wachache mno. Linalofaa kuigwa ni dogo zaidi: alijifunza somo ambalo halikuwa na alama, na likamfaa.

Tahadhari kwa Wakenya ng'ambo

Kwa maelfu ya Wakenya wanaosoma Marekani, kuna jambo jingine la kuzingatia. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na vipimo visivyopungua 12 kila muhula ili ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa kutwa. Somo analohudhuria kama msikilizaji halihesabiwi miongoni mwa hivyo.

Kwa hiyo, anayechukua vipimo 12, kisha akageuza somo la kuchora kuwa la usikilizaji katikati ya muhula, hubaki na vipimo tisa na kuhatarisha kibali chake cha kukaa nchini humo. Vivyo hivyo kwa anayeliacha somo kabisa baada ya kuona mambo yamekuwa magumu. Kushuka chini ya kiwango hicho bila ya idhini ya afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni ni kosa ambalo kisingizio cha alama hakiwezi kulifuta. Somo la sanaa kwa mwanafunzi wa aina hii linafaa kuwa la ziada juu ya vipimo 12, au lichukuliwe kwa mpango wa kufaulu au kutofaulu, ambao vipimo vyake huhesabiwa.

Aidha, wanaopania kusomea udaktari au sheria baada ya shahada ya kwanza wanashauriwa kusoma masharti ya vyuo wanavyovilenga. Vyuo hivyo hutaka masomo ya msingi yawe na gredi. Somo moja la kuchora lililoandikwa kuwa limefauliwa haliwezi kuzua maswali. Masomo mengi ya aina hiyo katika hati moja yanaweza kumfanya msomaji wake ashuku kwamba mwombaji alikuwa akijificha.

Faida isiyoonekana kwenye hati

Kwa nini basi ajisumbue? Jibu mojawapo limetoka katika mahali pasipotarajiwa, yaani shule ya udaktari. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapeleka wanafunzi wa udaktari katika jumba la sanaa na kuwataka waeleze kwa kina walichokiona katika michoro kabla ya kutoa tafsiri yoyote. Matokeo, yaliyochapishwa 2001 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, yalionyesha kwamba wanafunzi hao waliboresha uwezo wao wa kuona dalili katika picha za wagonjwa kuwashinda wenzao waliofunzwa kwa njia ya kawaida. Jicho lililozoezwa kutazama halichagui cha kutazama.

Wakenya nao wana mifano yao. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mnamo 1950, alianza na sanaa za kibiashara kabla ya kwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni huko, akiwa mwanafunzi, alikokutana na udongo na kubadilisha mkondo. Vyungu vyake sasa vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ulimwenguni. Laiti angalikwepa somo jipya kwa kuchelea alama, ulimwengu haungalimjua mfinyanzi huyo.

Fauka ya hayo, sanaa katika jamii za Afrika Mashariki haikufunzwa kwa gredi. Mchonga milango wa Lamu, mchongaji wa Ukambani na fundi wa mawe ya Tabaka huko Kisii walijifunza wakiwa kando ya mwalimu, wakaharibu kazi nyingi, wakarekebishwa, hadi mkono ukazoea. Mwanzo wa ngoma ni lele. Hakuna aliyemwandikia mwanagenzi alama 45 na kumning'iniza nayo shingoni maisha yake yote. Kosa lilikuwa sehemu ya mafunzo.

Upande wa pili wa sarafu

Wapinzani wa nafuu hii wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi asiyetafuta alama hulegea. Akijua kwamba kufaulu kunatosha, hufanya kazi ya kumfikisha hapo tu. Mwalimu wa sanaa, ambaye tayari somo lake hudharauliwa, hujikuta na darasa la watu wanaokuja wakati hawana mtihani kwingine. MIT yenyewe ilipunguza nafuu yake kuanzia mwaka wa masomo wa 2002/2003, ikaacha muhula wa kwanza pekee bila ya gredi za herufi, na kurejesha gredi katika muhula wa pili.

Hoja ya pili ni ya heshima. Kuna wanaouliza kwa nini sanaa pekee ihurumiwe. Kulitenga kama somo lisilostahili gredi ni kukiri kwamba si somo kamili, na huo ndio mtazamo uliolizika katika shule za msingi za Kenya miongo miwili iliyopita. Ni hoja nzito. Jibu lake ni kwamba nafuu hiyo haipaswi kuwa ya sanaa pekee. Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kujaribu uratibu wa kompyuta au uchumi anastahili ulinzi ule ule. Kinacholindwa ni ugeni wa mwanafunzi katika fani, na ugeni huo humpata kila mtu atokapo kwao.

Hoja ya tatu ni ya rasilmali. Vyuo vya umma vya Kenya vimelemewa na madeni, na karakana za sanaa ni chache. Idara zilizopo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huwahudumia kwanza wanafunzi wao wenyewe. Kuwafungulia mlango wanafunzi wa idara nyingine bila ya kuongeza wahadhiri na nafasi kutazua malalamishi.

Yanayowezekana sasa

Pamoja na vikwazo hivyo, yapo yanayoweza kutekelezwa bila ya gharama kubwa. La kwanza liko mikononi mwa mabaraza ya vyuo yanayosimamia masomo: kumruhusu kila mwanafunzi somo moja au mawili ya nje ya fani yake ambayo yataandikwa kwenye hati kuwa yamefauliwa, bila ya kuingizwa katika wastani. Jambo hili halihitaji karakana mpya. Linahitaji kanuni. Mnamo 2020, janga la Korona lilipofunga madarasa, vyuo vingi vya Marekani vilibadilisha kanuni zao za gredi katika muda wa wiki chache. Ilidhihirika kwamba kisichowezekana huwezekana penye nia.

La pili ni la wanafunzi wenyewe. Anayetaka kuanza sanaa leo anaweza kujilinda kwa hatua rahisi: kupima umbali wa wastani wake kutoka ukingo wa daraja, kuchagua muhula mwepesi, kumwomba mhadhiri vigezo vya usahihishaji mapema, na kusoma kanuni za chuo kuhusu tarehe za kubadilisha masomo. Palipo na vyuo vinavyofuata mfumo wa Marekani humu nchini, kama vile USIU jijini Nairobi, masomo ya jumla nje ya fani ni sehemu ya shahada, na hapo mwanafunzi ana uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua.

La tatu ni kwa wale ambao kanuni za chuo chao hazina mwanya wowote. Sanaa haikuanzia chuoni wala haishii humo. Paa ya Paa, kituo alichoanzisha Elimo Njau na wenzake 1965, kiliwapa wasanii wa Nairobi mahali pa kukutana kabla ya wengi wa wanafunzi wa leo kuzaliwa. Kuona ilianzishwa 1995 na GoDown 2003. Taasisi ya Sanaa ya Kisasa ya Nairobi, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mnamo 2020, huandaa maonyesho. Anayejifunza kupitia milango ya aina hii hana hati ya kuonyesha, lakini wastani wake chuoni hauguswi hata kidogo.

Wanaosubiri 2029

Njia hiyo ya tatu, hata hivyo, humfaa zaidi aliye Nairobi na mwenye nauli. Mwanafunzi wa chuo kilichoko mashambani hana kituo cha sanaa cha kukimbilia Jumamosi. Kwake yeye, chuo ndicho kila kitu, na kanuni ya chuo ndiyo inayoamua kama atawahi kushika mkaa wa kuchorea maishani.

Serikali imetumia fedha nyingi na kuvumilia lawama nyingi kuwaeleza wazazi kwamba mtaala mpya unathamini kila kipawa. Watoto hao wamechora, wameimba na kuigiza tangu chekechea, na kazi zao zimetathminiwa kwa viwango vya umilisi badala ya nafasi darasani. Wakifika chuoni na kukuta kwamba alama 69 na 70 zinatenganishwa na ukuta, na kwamba kila somo geni ni hatari kwa ukuta huo, watafanya walichofanya kaka na dada zao. Wataiweka penseli chini.

Kuna takriban miaka mitatu ya kujiandaa. Kubadilisha kanuni ya wastani ni kazi ya vikao vichache. Kurejesha ari ya kijana aliyefunzwa kuogopa kukosea ni kazi ya miaka mingi, na mara nyingi haifaulu.